Siku Nilivalisha Tablo Shemizi Yangu

Bandugu, mukaribie, musogeze viti. Na weye mwenye uko unacheka mbele sijaanza, cheka tu, haya ya ile siku nilishaizoea, Bunia muzima banaijua, hata kule mbali Kpandroma habari ilifika mbele ya miye, na vile munajua barabara ya kule ni mbaya.

Jirani yangu wa hapa Nyakasanza anaitwa Dido, kazi yake ni kuchora. Hachorake ba simba na ba milima kama benzake. Yeye anasomaka buku kwanza, anasoma mpaka chakula inalala, kisha anachora mutu mwenye iko ndani ya ile buku. Nyumba yake imejaa ba buku mpaka anaingiaka kiupande. Siku moja akaniita, akaniambia anatafuta uso kama yangu juu ya mutu wa buku fulani, niikale pale anichore, lakini nivue shemizi, kifua ibakie wazi. Miye masomo niliachia primaire ya kwanza (mwalimu alifurahi kuliko miye), sikuuliza hata yule mutu alifanya nini. Nilisikia tu ati nitaonekana mu buku, nikavua.

Apa njo kosa ilianzia, juu sikufunga kinywa. Niko motari, nabebaka batu na pikipiki, kila mutu mwenye alipanda moto yangu, mbele nimuambie bei, nilimuambia kwanza niko mu buku. Nikatuma habari mpaka kwa Mama Furaha, mama wa binti mwenye nilitaka kuoa, na ilibakia wiki moja tu jamaa yangu iende kwake kusema maneno ya mahari. Mukuje muone mukwe wenu, nilisema, banamuchora sawa gavana.

Sasa, munajua heshima ya bukwe. Mama-mukwe haonake kifua ya mukwe wake. Akiiona, mukwe analipa faini ya mbuzi, na wengine ndoa inakufiaka palepale. Niliijua hiyo tangu utoto, lakini mu kichwa yangu tablo, ile picha ya kuchora, haikukuwa mwili, ilikuwa sifa tu.

Siku ya kuonyesha tablo, naingia mu sale, ile chumba kubwa ya maonyesho, najikuta: uso ni yangu kabisa, kifua wazi, tablo kubwa kama mulango wa kanisa, na mbavu zote inje unaweza kuzipiga kama gitare. Kumbe mutu wa buku alipotea mu pori, hakula siku mingi. Na mu ile kushangaa nasikia batu banasalimia Mama Furaha ku mulango, yeye na shangazi ya Furaha, na Furaha nyuma yao.

Nikamuomba Dido ageuze tablo. Akakataa, ati rangi haijakauka vizuri. Kitenge hakuna, pazia hakuna. Basi nikavua shemizi yangu, nikaitandika juu ya ile kifua ya tablo, mukono moja ku kona hii, mukono mwingine ku kona ile, nikageuza kichwa na furaha yote: "Karibu, Mama."

Njo nikasikia baridi ku mugongo, nikajiangalia. Nikiachia shemizi, mama-mukwe anaona kifua ya tablo. Nikiishika, anaona yangu. Jasho ikanitoka sawa mvua ya kule Fataki, mikono ikateleza, shemizi ikaanguka chini, sasa tuko bawili, miye na tablo, wote wazi.

Mama Furaha akajifunika uso na kitenge. Shangazi akasema polepole, "Mbuzi mbili. Moja ya tablo, moja ya mutu." Furaha anaangalia tu viatu vyake. Nikajua imekwisha, nitazeeka peke yangu na moto.

(Tangu ile siku nikiona mutu na buku nafunga vifungo mpaka ku shingo, na mbele nivue kitu kwa mutu, hata kofia, nauliza kwanza kama mutu wa buku alikula.)

Kisha naona kitenge inafunguka kidogo, jicho moja. Inaangalia tablo, mbavu moja moja. Inakuja ku tumbo yangu, inakaa pale. Inarudia tablo. Inarudia tumbo. Na Mama Furaha akatoa pumzi ndefu, akasahau heshima yote, akasema mbele ya batu:

"Asante Mungu! Batu benye balipita kwa Dido balinionyesha picha ya ile tablo mu telefone, wiki muzima silali, nasema mutoto wangu anaenda kufa na njaa. Kumbe huyu anakulaka!"