Hoteli Yenye Pazia

Nakumbuka Jumamosi ile niliyotaka kumlisha mama yake Mwende vizuri, nikakaribia kumshindisha njaa. Mwanangu, umenionyesha kwenye simu hoteli za Nairobi zenye nyota nyingi, unataka nikuchagulie ya kuwapeleka wakwe zako. Ngoja kwanza.

Nilikuwa kijana wa Kikamba kutoka Tawa, miaka mitatu Nairobi, na nilijiona nimemaliza mji. Mwende na mimi tulishapatana kuoana. Lililobaki ni mama yake kunikubali. Akaja kutoka Mutomo, safarini tangu alfajiri, nami nikampeleka hoteli ya ghorofani yenye vitambaa vyeupe. Nikamketisha uso kwa uso nami, meza yenyewe ndogo, magoti karibu yagusane. Kuku alipoletwa, mama akavuta leso mpaka machoni, akasema ameshiba. Ameshiba nini, na saa nane imepita? Mwende akanikanyaga mguu chini ya meza, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni mapenzi. Lakini sahani ilipoanza kupoa, moyo ulinishuka. Nilijua nimekataliwa.

Mhudumu mmoja mzee, Mkamba mwenzetu, akaniita kando.

"Kijana wangu, kwenu hakuna nthoni? Mama mkwe atakulaje mkitazamana hivi? Wapeleke mtaa wa Islii, kwa Wasomali. Kule kuna pazia."

Aibu niliyoipata! Nthoni ni ile haya ya heshima kati ya mtu na mama mkwe wake, nami nililelewa nayo. Mji ulikuwa umenisahaulisha. Wazee hawakukosea: mwacha mila ni mtumwa.

Basi tukaenda Islii, kwenye hoteli ya Wasomali. Mwanangu, Nairobi ni mji, usiudharau. Mle ndani kulikuwa na Wahabeshi, Waluo, Waswahili wa pwani, kila mtu na ndizi yake kando ya wali kama walavyo Wasomali, na hakuna aliyemshangaa mwenzake. Mama mwenye hoteli hakutuuliza dini wala kabila. Alimtazama mgeni wangu mara moja tu, akamketisha na Mwende nyuma ya pazia, mimi akaniacha nje. Nikawasikia wakicheka. Nikasikia mifupa ya mbuzi ikivunjwa. Wali uliongezwa mara mbili, na mimi nusura nilie kwa furaha.

Kisha sauti ya mama yake Mwende ikatoka mle ndani, wala hakunisemesha mimi.

"Mwende, hebu muulize huyo kijana, mbuzi wa posa anawaleta lini?"

Sikia basi. Kabla hujauliza hoteli gani inasifiwa, uliza mgeni wako hula nini, na nani, na ameketi vipi. Kuuliza si ujinga, na heshima si utumwa. Ukishajua hayo, Nairobi haitakunyima mahali, maana watu wote waliohamia pale walikuja na jiko lao na adabu yao. Nenda, mwanangu. Mungu akujalie wakwe watakaokula kwako mpaka washibe, na waondoke wakikutaja kwa wema.