Springi nilizoongeza kwa ajili ya jeneza

Mke wangu alikufa Jumanne. Leo tumemzika Nkoaranga.

Tajiri wangu wa gereji alitoa gari lake la zamani libebe jeneza.
Gari lile ukilipakia mzigo linalala nyuma.
Kwa hiyo jana nikaongeza springi za nyuma, kila upande.
Si mnamjua mke wangu, mama Neema, mtu wa kilo.

Leo tumepakia jeneza, gari halijashuka hata kidogo. Limebinuka vilevile, nyuma juu, pua chini.

Shemeji akaniuliza, "We fundi, hili gari linachuma mchicha?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kumbe springi nilizipimia uzito wake wa zamani.
Kaumwa mwaka mzima, akaisha.
Na mimi ndiye nilikuwa nambeba kwenda kuoga.
Nilisahauje, jamani?

Springi nitazitoa kesho. Kesho narudi kazini.