Bibi Arusi Ambaye Hakuulizwa Kama Amekula

Nilifika Nairobi nikiwa juu ya magunia ya makaa. Lori lilitoka upande wa Mwingi alfajiri ya Jumatatu, likaharibika mara mbili njiani, na Jumatano adhuhuri dereva akanishusha karibu na stesheni na kuniambia nifuate reli hadi mtaa wa Kaloleni, alikoishi mjomba. Mke wa mjomba alifungua mlango akanitazama, mweusi wa vumbi toka nywele hadi kucha. Hakuuliza habari za safari wala za nyumbani. Aliuliza, "Umekula?"

Mjomba alikuwa seremala wa reli. Jioni akataka kujua nitakaa muda gani.

"Kidogo tu, mjomba."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nililala nyuma ya pazia, upande wa jiko, nikisikia mabehewa yakigongana katika yadi ya reli. Kila treni ilipoondoka nilihisi nimeachwa.

Nilipata kazi katika kiwanda cha sufuria huko Industrial Area, chini ya fundi mkuu, mzee wa Kihindi aliyenifundisha kukunja bati na kunitukana kwa lugha yake. Kwa watu wa Kaloleni hilo lilitosha. Jumamosi alasiri sinema ya Kihindi ilipoletwa katika ukumbi wa mtaa na madirisha kuzibwa kwa mablanketi, desturi ilikuwa mtu anayefanya kazi kwa Wahindi asimame kando ya kitambaa cha sinema, fimbo mkononi, awaeleze wenzake kinachosemwa. Mwenye fimbo alikuwa amehamishiwa Kisumu. Wazee wa ukumbi wakaja kwa mjomba, naye akanigeukia.

"Unajua Kihindi?"

"Najua."

Nilijua kuhesabu hadi ishirini, na matusi manne.

Sinema yenyewe ilikuwa ya bibi arusi aliyekufa siku ya harusi yake, akarudi kuzunguka katika jumba kubwa ambamo taa hujizima zenyewe. Kuna mtumishi mnene anayejificha ndani ya pipa la unga. Anapotoka, mweupe hadi kwenye kope, mzuka ndio unaomkimbia yeye. Nimeishi miji sita tangu wakati huo na nimeingia kumbi nyingi, lakini sijaona tena watu wakishikwa namna ile. Walipiga mayowe, na kabla yowe halijaisha likageuka kicheko. Mke wa mjomba, ambaye kanisani hakugeuza hata shingo, alivua kiatu akawa anagonga nacho benchi la mbele.

Kisha bibi arusi akasimama peke yake, midomo ikicheza, nami sina neno. Nikasema lililokuwa karibu.

"Anasema ametoka mbali. Amebisha kila mlango, na hakuna aliyemuuliza kama amekula."

Mtumishi akatoa kichwa pipani.

"Huyu naye anasema, 'Mama, chakula kipo jikoni, mimi niache.'"

Wakaangua kicheko hadi mablanketi yakatikisika. Jumapili mjomba alitembea nami mtaani akinishika mkono, akiwaambia watu, "Huyu ni wangu." Usiku ule nilisikia treni ikiondoka na sikutamani kuipanda.

Jirani mmoja, dereva wa baraza la mji, hakuniamini.

"We bwana mdogo, Kihindi chako umekisomea ndani ya sufuria?"

Watu walipoomba sinema ileile irudishwe, alikwenda kiwandani kwetu akamwalika fundi mkuu. Nilimwona mzee nikiwa tayari nimeshika fimbo: benchi la mbele, kofia magotini. Nyuma yangu palikuwa na mlango mdogo. Lakini mjomba alikuwa safu ya tatu, akiwaonyesha wenzake kwa kidole nilipo.

Nikaeleza kama mara ya kwanza. Mzee alicheka kwenye pipa la unga. Bibi arusi alipofikia habari ya njaa yake, mzee hakutazama kitambaa, alinitazama mimi.

Madirisha yalipofunguliwa, dereva akasimama. "Mzee, tuambie. Huyu amesema kweli?"

Mzee akavaa kofia yake taratibu. "Yule mwanamke anasema atamuua mumewe. Mwanzo mpaka mwisho. Habari ya chakula haipo."

"Kwa hivyo ni uongo."

"Ni uongo. Lakini mimi nimependa."

Hayo ya mwisho tuliyasikia watu wachache. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kunicheka, zaidi kuliko ulivyowahi kumcheka mtumishi. Mjomba hakucheka. Alitoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani alisema mara moja tu: "Ungeniambia hujui, ningewaambia hujui." Akarudi kwenye chai yake.

Fimbo akapewa dereva.

"Sasa anaimba," akaeleza Jumamosi iliyofuata. "Sasa amekasirika. Sasa anaimba tena."

"Hata sisi tuna macho, bwana dereva," mtu akasema kutoka nyuma.

Lakini hakuna aliyeniita mbele. Wiki mbili nilikaa, nikihesabu treni.

Asubuhi niliyoondoka mjomba alikuwa ameshakwenda kazini bila kuniamsha, ingawa alijua naondoka. Nilifunga sanduku. Mke wa mjomba akasimama mlangoni, mikono ikiwa na povu.

"Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Sahani yangu ilikuwa mezani, mbele ya macho yake, haijaoshwa.

"Bado," nikasema.

Akapakua tena. Nikakaa nikala yote, polepole, na treni ya saa nne ikapiga honi kijiko kikiwa mkononi. Niliondoka na ya mchana.