Mashua ya Dorca

Mwaka wa 1997, Beldina alimletea babake, Obiero, fundi mstaafu wa mashua, meli ndogo ya tanga ya kupambia kabati, vipande vya mbao ndani ya boksi. Karatasi ya maelekezo mzee aliiwashia jiko. Akaunganisha vipande, akaziba kila mwanya kwa pamba na lami, kama zamani alipounda mashua za wavuvi kule Usenge, kando ya Ziwa Viktoria.

"Baba, hilo ni pambo tu!"

"Mashua isiyogusa maji ni kuni!" akafoka.

Ubavuni akaandika jina la marehemu mkewe, Dorca, maana mashua haishushwi majini bila jina. Lakini alipoipeleka ufuoni, gugumaji lilikuwa limefunika ziwa kadiri jicho lilivyoona. Akarudi nyumbani, akajaza maji karai ambalo Dorca alioshea dagaa wa omena, akaishusha humo. Haikuvuja hata tone. Upepo aliutoa mwenyewe, kifuani.