Mtungi Niliouweka Kivulini

Nyinyi mtakaosoma barua yangu hii gazetini, mnisamehe kwa herufi zangu zinazolala upande na kwa maneno niliyoandika vibaya. Nilimaliza darasa la sita tu, na kuandika kwangu ni polepole; tangu juzi niko kwenye karatasi hii. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Tunakaa Mudzipela, mtaa wa pembeni mwa mji. Kiangazi kimoja cha miaka hii ya themanini, chemchemi yetu ilibaki uzi wa maji. Mama alikuwa anashuka mara nne kwa siku na kupanda na bidoni, dumu la maji, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Jioni alikuwa anajipaka mafuta ya mawese shingoni. Mimi nilikuwa namwona akimwaga maji ya kufulia nyuma ya nyumba, beseni moja, mbili, na ilinisumbua.

Shuleni mwalimu alituchorea siku moja namna ya kuchuja maji ya mto. Nikafikiri, kwa nini siyo ya sabuni? Nikachukua pipa la zamani, nikalitoboa chini, nikafunga kwenye tundu kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani nikapanga mawe, kokoto, makala, yale makaa ya jikoni, niliyoyaponda, na juu mchanga wa mto. Maji ya kwanza yalitoka meusi, kwa sababu sikuwa nimeosha makala.

Mama aliinama akaangalia. “Umetia maji ya sabuni, umetoa wino. Sasa utaandikia nani barua?”

Nilianza tena. Nilijifunza kuacha maji ya kufulia yalale usiku mzima kwenye beseni ili uchafu ushuke, kuondoa povu na jani la ndizi, kumimina polepole kwa kopo lenye matundu, na kubadilisha mchanga wa juu kila juma. Mwezi wa tatu wa kujaribu, maji yalitoka meupe. Yalibaki na harufu kidogo ya sabuni, lakini yalitosha kupigia deki, kuloweka nguo mara ya kwanza na kumwagilia lengalenga, mchicha wetu wa uani. Mama akawa anashuka chemchemini mara mbili tu. Alikuwa ananiita injinia, na nilikuwa napenda kusikia vile.

Kosa langu lilianzia kwenye chombo. Ndoo yetu ilikuwa moja, na mama alikuwa na kazi nayo. Nikachukua mtungi wetu wa zamani wenye mdomo uliovunjika, nikauweka chini ya mpira wa pipa, kivulini. Nikaufunika na sahani kwa ajili ya mbu, na juu ya sahani nikaweka kopo la kuchotea. Kwetu mtungi ulio kivulini, wenye sahani na kopo juu, ni maji ya kunywa. Mgeni haulizi, anachota. Hilo nililijua tangu utoto, lakini nilifikiria watu wa nyumba tu, na wao walijua maji yale ni ya nini.

Koko, mama ya mama yangu, alifika kutoka Boga juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa naponda makala. Kabla sijanyanyuka kumpokea mzigo, alikuwa amefunua sahani, amekunywa kopo moja, na la pili.

“Mutoto, maji yenu iko baridi,” alisema. “Inanuka sabuni kidogo. Munaoshaka kopo sana, siye kule hatuna hiyo nguvu.”

Nilipaswa kusema. Lakini nitamwambiaje mkubwa kwamba amekunywa maji ya nguo zetu za ndani? Nilijiambia kwamba ameshakunywa, basi. Nikapokea mzigo.

Jioni ile jirani yetu, mama mwenye kuuza samaki ya ziwa, alimletea koko sahani ya samaki, kama alivyowafanyia wageni wetu wote. Usiku tumbo la koko likaanza kumwendesha. Asubuhi tulimbeba mpaka dispansari. Muuguzi akauliza, “Alikunywa maji gani?”

“Ya chemchemi,” mama alijibu, “kama siye wote.”

Nilikuwa nimesimama karibu, nimeshika beseni. Nikatoka nje kulimwaga.

Koko alilala pale siku tatu, akapona. Lakini siku ya pili mama mdogo wangu, aliyekuja kumwuguza, alikuwa ameshauliza koko alikula kwa nani, na neno sumu likatoka nyumbani kwetu kabla koko hajatoka kitandani. Wanawake wakaacha kununua samaki ya jirani. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake.

Siku moja jirani akaja kusimama mbele ya mlango wetu.

“Mama, siye tumekula sahani moja miaka ngapi?”

“Mimi sikusema kitu,” mama alijibu.

“Hata salamu ya jambo haunipatie tena.” Halafu akanigeukia. “Na weye, mutoto wangu? Uko na kimya chako tu.”

Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye pipa langu, mpaka akaenda. Kabla ya mvua kuanza alihamia mtaa wa Lumumba.

Nilimwambia mama ukweli baada ya hapo, wakati haukuweza tena kumsaidia mtu. Alikamua nguo aliyoishika mpaka ikaisha maji. “Koko amepona, yule amehama. Ukienda kusema, utaipaka aibu nyumba yote.” Pipa linafanya kazi mpaka leo. Maji yanaanguka kwenye ndoo niliyoipaka rangi nyekundu, na kila mgeni namwonya kabla hajakaa.

Mara mbili nimetembea mpaka kwenye meza ya samaki ya jirani yule kule Lumumba, na mara mbili nimerudi bila kumsalimu. Nataka aijue kweli, na wale walioacha kumnunulia waijue pia. Nyinyi mnaosoma, muniandikie, hata mistari miwili: niende peke yangu, ao nimngoje mama akubali? Na nikisimama mbele yake, nianze na neno gani?