Mwalimu Aliyesahihisha Somo Lake

Jumatatu nilipigiwa simu ofisini, nikaambiwa kwamba mwalimu wa historia niliyefanya naye kazi miaka mitatu katika sekondari moja ya Migori, kabla sijaingia gazetini, amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mniwie radhi; leo sina siasa ya kuwaandikia.

Mwenzangu huyo alipenda swali moja kuliko yote: kwa nini staarabu huinuka, kisha huanguka? Alifundisha kwamba ustaarabu ni kama mwili wa mtu: huzaliwa, hukomaa, huzeeka, hufa, na hauna dawa. Wanafunzi walilikariri hilo. Siku moja tuliwapeleka Thimlich, kwenye zile kuta kubwa za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Akasimama langoni akawaambia, "Waliojenga hapa walifika kileleni, wakadhoofika, wakatoweka." Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mtama karibu nasi akainua kichwa. "Mwalimu, nani alikuambia walitoweka? Babu ya bwanangu alizaliwa ndani ya hiyo ukuta. Vita iliisha, watu wakatoka, wakajenga karibu na shamba zao. Sisi tuko." Nilidhani mwenzangu atabishana naye. Badala yake alivua kofia, akaketi ukingoni mwa shamba, akamuuliza maswali hadi wanafunzi wakalalamika njaa.

Kipindi kilichofuata alisimama darasani akasema, "Muhula uliopita niliwafundisha makosa. Nilitazama majengo, nikasahau watu." Mkuu wa shule akamwita. "Mtihani unataka jibu moja, na wewe unawachanganya watoto." Alikataa kulirudisha somo la zamani, na kabla ya mwaka kwisha akahamishiwa upande wa Magunga, mbali na mkewe aliyekuwa akimuuguza mama yake Migori. Aliniambia jambo hilo lilimuuma sana. Hakusema kwamba alijuta.

Miaka kadhaa baadaye, gugumaji lilipoziba ghuba ya ziwa, nilikwenda Homa Bay kuandika kwamba mji ule wa wavuvi umekwisha. Usiku nilimsomea mwalimu, aliyekuja mjini kunisalimia, makala yangu nikitarajia sifa. "Umeongea na nani?" akauliza. Nikamtajia afisa mmoja. Asubuhi akanipeleka sokoni. Wanawake wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wakatueleza kwamba waume zao wanavua Muhuru Bay kwa sasa, na wao wameanza kulima mboga. "Andika tumechoka," mmoja akaniambia, "lakini usiandike tumeisha." Niliichana makala ile palepale, na kwa aibu nikaanza upya.

Siku hizi kila kona nasikia kwamba nchi yetu inazama. Huenda ni kweli. Sina elimu ya kukana. Ninachojua ni kwamba jamii ambayo msomi wake anakubali kukosolewa hadharani, na kulipia ukweli huo kwa kutengwa na nyumba yake, bado inajifunza, na inayojifunza haijafika mwisho. Nasi tunaoshika kalamu tuulize kwanza, ndipo tuzike.