Jina Lililofutwa Mwaloni

Baba yangu alizaliwa Kisumu, akaletwa Nakuru na kazi ya reli. Mama yangu alizaliwa Bahati, binti wa wakulima. Mimi nilizaliwa katika landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi, na shule niliiona kwa nje tu. Andika hivyo, mjukuu wangu, wala usinionee huruma.

Kwa miaka mingi niliparua samaki Naivasha, mwaloni, pale mashua zinaposhusha samaki. Waparuaji na wasukuma mashua tulikuwa na chama, na chama kilikuwa na gazeti: karatasi moja iliyobandikwa kila Ijumaa ukutani kwenye banda la mizani. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilisema, mama yako akaandika, kisha nikaikariri kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Sharti langu lilikuwa kwamba habari ya mtu haibandikwi mpaka asomewe na aseme, "Ndivyo."

Ziwa lilipopanda na kumeza gati, wasukumaji walilazimika kuingia majini hadi kifuani, kabla hakujapambazuka. Tuliomba wangoje kuche, kwa kuwa saa hizo viboko hurudi ziwani kutoka malishoni. Tajiri wa mashua alikataa, akisema soko halingoji jua. Asubuhi moja kiboko alimrarua paja msukumaji mmoja. Kufikia adhuhuri tajiri alikuwa ameeneza kwamba kijana yule alikuwa mlevi na alijiingiza mwenyewe. Alfajiri ile mimi nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia tajiri alivyomtuma.

Nikatunga habari. Mimi na mama yako tukaipeleka hospitalini, tukamsomea kijana yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akageukia ukuta.

"Ndivyo, mama. Lakini lifute jina langu, isionekane mimi ndiye niliyesema. Nina watoto, na mwalo ni huu mmoja."

Nilikasirika. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu kwamba woga wa mfanyakazi ni mali ya tajiri. Nilitoka, nikauzunguka ua wa hospitali mara mbili, nikatambua kwamba ushujaa niliokuwa nikiudai ungelipiwa na yeye, aliyekwisha kulipa kwa paja. Nikarudi, nikamwagiza mama yako alifute. Mahali pake tukaandika kwamba mimi ndiye niliyesikia amri, na chini nikatia dole gumba.

Ijumaa tajiri alinikuta bandani nikiikariri. Alicheka mbele ya watu.

"Mathe, hata herufi a huijui, leo umekuwa mwandishi wa habari?"

"A siijui. Aliyemtuma mtu majini namjua. Ni wewe."

Siku hiyo hiyo nilipigwa marufuku mwaloni. Nilihamia Kaptembwo, kule Nakuru, nikauza mboga za sukuma kando ya barabara. Wasukumaji nao waligoma, wakakaa chini siku tatu, mashua zikabaki zimefungwa, na tangu hapo haingii mtu majini kabla jua halijatoka. Nilitumiwa wajumbe wa kunishauri niombe radhi, nirudishiwe kisu changu cha kuparulia. Sikuomba. Sitaomba.

Karatasi ile imo katika sanduku la bati, chini ya leso zangu. Itunze ilivyo, usiinyooshe lugha yake, wala usiwape watu wanaotaka kuipambia kuta zao. Utaona mstari mama yako alioukata kwa kalamu juu ya jina la kijana. Ukiinua karatasi kwenye mwanga, jina litasomeka. Usilitamke na usiliandike, hata akikuuliza mtu mwenye nia njema. Mwenye jina bado yuko pale, anapima samaki kwenye mizani ya tajiri yule yule.